Kijana alitaka mbio, babu akaanza na breki

Mzazi mwenzangu, kama unaishi mjini na una kijana wa miaka 16, huenda unaijua hali hii. Saa saba za usiku gari linapita barabara kubwa, ekzosi imetobolewa, mlio unatikisa vioo vya madirisha. Wewe unageukia upande wa pili na kulaani. Kijana wako, chumba cha pili, anainua kichwa kutoka kwenye mto na kutaja aina ya injini.

Wangu alikuwa akitaja hadi ukubwa wa tabo. Mimi nilichukulia ni mambo ya kwenye simu, kama ambavyo vijana wengine wanavyojua wachezaji wa Simba na Yanga wa miaka ambayo wao hawajazaliwa. Mpaka usiku mmoja mwaka juzi nilipopigiwa simu na namba nisiyoijua. Rafiki yake alikuwa amevunjika mguu. Walikuwa vijana watano ndani ya gari dogo la kuazima, wakishindana na gari jingine kwenye lami iliyonyooka, wakakuta lori limeegeshwa bila taa. Wangu alikuwa kiti cha nyuma. Alishonwa nyuzi nne kwenye paji la uso. Jioni ile alikuwa ameniaga kwamba anakwenda kujisomea kwa mwenzake.

Nilifanya ambacho mama wengi wangefanya. Nikamnyang'anya simu, nikaanza kufunga geti kwa kufuli kila jioni, ufunguo nikalala nao. Baba yao ni dereva wa lori, njia ya Tunduma. Nilipompigia alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mama, ukimfungia geti atapita ukutani. Mtafutie kazi ya mikono. Kamwulize mzee kuhusu lile gari."

Baba mkwe wangu anaishi Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ambayo sasa imezungukwa na maghorofa pande tatu. Uani, chini ya banda la mabati, kulikuwa na Peugeot 404 ambayo mara ya mwisho kutembea mimi nilikuwa sijaolewa. Watu wa umri wake wanaiita Pijo. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Kiti cha nyuma kilibeba masufuria ya shughuli, yale makubwa ya kupikia pilau, na buti ilikuwa stoo ya mkaa.

Wakati huo ndugu walikuwa wamekubaliana na mjenzi kwamba banda na sehemu ya uani zivunjwe, vijengwe vyumba vya biashara. Uwanja ulitakiwa uwe wazi ndani ya miezi mitatu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja, akalizunguka gari, akagonga bonneti kwa ngumi, akataja laki sita. Shangazi yao akasema apewe, na masufuria yahamie kwake. Mzee alikuwa amekaa barazani. Presha ya macho ilishamwachia mwanga na vivuli tu. Akasema bila kugeuka, "Hilo halipimwi kwa kilo."

Walioanza 84, waliofika saba

Hadithi ya lile gari nilikuwa nimeisikia nusu nusu miaka yote ya ndoa yangu, na nilidhani mzee anatia chumvi. Safari hii nilikaa nikaisikiliza, kwa sababu mwanangu naye alikuwa amekaa mkekani, ameinua uso, kwa mara ya kwanza tangu ile ajali.

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakaja kuvuka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza. Magari yenyewe hayakuwa ya ajabu. Yalikuwa karibu yale yale ya dukani, ya kubebea familia kwenda kanisani au sokoni, yakiongezewa taa na bamba la chuma chini ya injini. Mwaka 1965 ndugu wawili kutoka Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda kwa Volvo ya mtumba iliyokuwa imeshashiriki Safari ya mwaka uliotangulia.

Kisha likaja zamu ya magari kama lile la uani. Mwaka 1966, na tena 1967, washindi walikuwa Bert Shankland na Chris Rothwell, madereva wa hapa hapa Tanzania, ndani ya Peugeot 404. Baba mkwe wakati huo alikuwa kijana wa kupokeza mafundi spana kwenye gereji moja mjini. Anasema walifunga kazi, wakapanda nyuma ya pikapu kwenda kusimama kando ya barabara kuona magari yakipita, matope mpaka kwenye paa. Miaka ya baadaye, alipopata hela yake ya kwanza ya maana, hakununua kiwanja. Alinunua 404 ya mtumba. Mama mkwe, Mungu amrehemu, hakuwahi kumsamehe kwa hilo.

Mjukuu akauliza, kama ambavyo angeuliza mtoto yeyote wa siku hizi, "Babu, ilikuwa inafika spidi ngapi?"

"Wewe sikiliza. Mwaka 1963 yalianza magari 84. Yakafika saba. Mwaka 1968 yalianza 93, yakafika saba tena. Mara zote mbili wakashinda Nowicki na Cliff kwa gari kama hili. Sasa wale wengine wote unadhani walikosa spidi?"

Kijana hakujibu. Lakini kesho yake, bila kutumwa, alihamisha masufuria.

Injini ya Chaser ndani ya Pijo

Msije mkadhani aliongoka siku ile ile. Wazo lake lilikuwa jingine kabisa. Aliniletea simu nione. Huko Marekani watu wanaokota magari ya zamani yaliyooza mashambani, yale ambayo viwanda vya Detroit katika miaka ya 60 vilipachika injini kubwa za V8 ndani ya gari la saizi ya kati. Pontiac GTO ya mwaka 1964 ndiyo inayotajwa sana. Wanayafufua na kuyashindanisha kwenye barabara iliyonyooka ya robo maili, yaani mita 402. Magari mawili yanasimama sambamba, taa inawaka, anayefika kwanza ndiye. Mchezo huo wana chama chake tangu mwaka 1951, wenye viwanja vyake, gari la wagonjwa pembeni, na mkaguzi anayelitazama gari kabla halijagusa mstari.

Sehemu ya mkaguzi na gari la wagonjwa alikuwa ameiruka. Nilimrudisha nyuma kwenye video tukaitazama pamoja.

Mustang iliyotelekezwa huwezi kuikuta uani Kariakoo. Utakuta Pijo, Datsun au Volkswagen. Mpango wake ulikuwa kung'oa injini ya babu na kuweka 1JZ ya tabo, ile ya Toyota yenye silinda sita inayopatikana kwenye Chaser na Mark II. Alisema fundi fulani angeifunga kwa wiki mbili.

Mzee aliuliza swali moja tu: hiyo injini ina nguvu za farasi wangapi? Mia mbili na themanini. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwenzangu, hili lilizaliwa na farasi sabini na kitu. Breki zake, uti wake, sukani yake, vyote vilipimwa kwa farasi sabini. Ukimpandisha tembo juu ya baiskeli, anayeumia siyo tembo."

Wakagombana wiki nzima, kwa namna wanavyogombana babu na mjukuu, matusi ya utani mengi na chai ikiendelea kunywewa. Mwisho wakafikia mapatano ambayo mimi ndiye niliyeyaandika kwenye daftari. Injini ni ile ile ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,618. Gari litakuwa la mashindano ya zamani kama yale ya 1966, si la robo maili. Na hakuna kugusa injini mpaka breki zote nne ziwe zinafanya kazi. Mdogo wake wa kike, ana miaka 12 na babu humwita "mke wangu", akateuliwa mtunza daftari. Hilo nililifurahia zaidi ya yote, maana yule hasahau deni.

Gari lilihama Jumapili alfajiri, kabla machinga hawajatandika. Fundi, mzee mwingine wa Gerezani aliyewahi kufanya kazi na baba mkwe, alikuja na magurudumu ya kuazima. Tukalisukuma watu tisa, mzee akiwa ndani ameshika sukani huku haoni, mtunza daftari ametoa kichwa dirishani anamwambia kushoto, kulia, simama. Tulipovuka Mtaa wa Msimbazi mwenye mkokoteni wa maji akatupisha akasema, "Mnaipeleka wodini au makaburini?" Mzee akamjibu, "Kliniki."

Vumbi ambalo hukuliwaza

Mwezi wa kwanza wote ukaisha kwenye magurudumu. Gari letu ni la kabla Peugeot hawajaanza kuweka diski mbele, kwa hiyo lina breki za dramu pande zote nne. Silinda ndogo za breki zilikuwa zimeganda kwa kutu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kwa mji wenye joto na chumvi kama Dar es Salaam, miaka ishirini inatosha kuozesha paipu kutoka ndani wakati nje zinang'aa. Raba zilikuwa zimekauka kama maganda ya mhogo.

Hapa nataka kusema na mzazi ambaye mtoto wake anashinda gereji, hata kama si kwa gari la zamani.

La kwanza ni vumbi. Lainingi za breki za magari ya miaka ile zilikuwa na asbesto. Ukifungua dramu utakuta unga wa kijivu, na mazoea ya gereji nyingi ni kuupuliza kwa kompresa ili utoke haraka. Unga huo ukiingia mapafuni hautoki, na saratani inayotokana nayo huja baada ya miongo. Mwanangu angekuwa na umri wangu ndipo aanze kukohoa. Tulimwomba fundi tukamweleza. Alinitazama kama mtu anayefundishwa kazi na mke wa mtu, lakini akakubali: dramu zikalowanishwa maji ya sabuni, unga ukafutwa kwa matambara yaliyolowa, matambara yakafungwa kwenye mfuko na kutupwa. Hakuna kufagia pakavu.

Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na risasi, na risasi hudhuru akili za watoto wadogo hata kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo ni msasa wa maji tu, na nguo za gereji hazifuliwi na za mtoto mchanga. Vijana huosha mikono kwa petroli kwa sababu inatoa grisi upesi. Petroli inapita kwenye ngozi. Sabuni ya unga na mafuta ya kupikia kidogo vinafanya kazi ile ile. Na tangi la petroli halichomelewi hata kama limekaa tupu miaka kumi, maana mvuke unaobaki unatosha kulipua. Letu lilifanywa na mtu mwenye kazi hiyo, tulilipa, na mtoto alikuwa shule.

Lakini lililonitoa jasho ni jeki. Niliwahi kufika bila taarifa, nikaona miguu ya mwanangu imetokeza chini ya gari la mteja mwingine, gari limesimama juu ya jeki na tofali moja la saruji. Tofali halitoi onyo, likipasuka limepasuka. Sikupiga kelele kwa sababu niliogopa atashtuka agonge kitu. Nilichuchumaa nikamwita polepole kama ninavyomwamsha asubuhi. Alipotoka nilimpeleka pembeni, na maneno niliyomwambia hayafai ukurasa huu. Siku hiyo hiyo nilinunua stendi nne za chuma. Ndizo kitu cha gharama kubwa kuliko vyote nilivyonunua mwenyewe kwa ajili ya gari hili, na sijutii.

Hela ya tuisheni

Spea za 404 usizitafute madukani. Shaurimoyo na Gerezani utapata kila kipande cha Toyota, hata skrubu ya kioo. Ukitaja 404 muuzaji anacheka, kisha anakwambia subiri, anampigia mzee mmoja. Kilichotusaidia ni kwamba injini ya 504 ilizaliwa kutokana na hii yetu, na 504 zilibaki barabarani Afrika Mashariki miaka mingi baada ya wenyewe Wafaransa kuziacha. Kilichokosekana kilichongwa. Dramu zilikerezwa. Lainingi mpya zisizo na asbesto zilipigwa ribiti na kijana anayefanya kazi hiyo kwa breki za malori. Alitukatia kwa kipimo cha macho na zikaingia.

Mwezi wa tatu mtunza daftari aligundua kitu. Kulikuwa na silinda mbili za breki ambazo hazikuwa na mtu aliyezilipia. Aliuliza mara moja, mara mbili, kisha akaja kwangu. Kaka yake alikuwa amezinunua kwa hela ya tuisheni ya hesabu, na kwa wiki sita alikuwa akitoka nyumbani na madaftari kwenda gereji.

Ningependa kuandika kwamba nilitabasamu. Sikutabasamu. Kilichoniuma si hela, ni kwamba alinidanganya kwa maneno yale yale ya usiku wa ajali: nakwenda kujisomea. Gari likafunikwa turubai mwezi mzima. Mzee hakumtetea. Alimwambia tu kwamba na yeye 404 hii aliinunua kwa kudanganya mtu, na huyo mtu alilala amemgeuzia mgongo mwaka mzima.

Mtihani wa kidato cha nne alipata divisheni ya tatu. Baba yake anataka aendelee kidato cha tano. Yeye anataka kozi ya ufundi magari VETA Chang'ombe. Hilo nyumbani kwetu bado halijaisha, na silimalizi hapa.

Silinda ya tatu haina pumzi

Turubai lilipotolewa, injini ikawa imeruhusiwa. Haikuzunguka. Fundi alifungua plagi, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye matundu, akaiacha wiki. Kisha akamwita mzee.

Gari hili lina tundu mbele kwa ajili ya hendeli, kama malori ya zamani. Mzee alivua kanzu, akabaki na fulana, akashika hendeli kwa mikono miwili na kuanza kuizungusha taratibu. Injini nzima ya silinda nne, kila moja ikifika zamu yake ya kukandamiza hewa, hendeli inakuwa nzito. Mzee alikuwa akihesabu kwa kunong'ona. Moja. Tatu. Akasimama. Akarudia. "Moja ina pumzi. Tatu haina. Nne ina. Mbili ina." Wanangu walitazamana, mdogo akadhani babu amesahau kuhesabu, kumbe ndivyo zinavyofuatana kuwaka.

Walipofungua hedi, vavu ya silinda ya tatu ilikuwa imeungua ukingo. Fundi akaeleza sababu, na hili nalo sikulijua. Injini hizi zilitengenezwa wakati petroli inatiwa risasi, na ile risasi ndiyo iliyokuwa ikilinda siti za vavu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya namna hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, kwa ajili ya afya za watoto hasa. Kwa hiyo hedi ikapelekwa kuchongwa na kuwekewa siti ngumu. Mtoto wa mtaa wetu anapumua vizuri zaidi, injini ya mzee ikaingia gharama. Mimi nilikubali biashara hiyo.

Baada ya hapo kazi ikawa ya watu wawili. Kijana na kipimo chake cha nafasi ya vavu, mzee kwenye stuli na kikombe cha kahawa, kashata mfukoni. Injini ikiunguruma mzee anainamisha kichwa. "Ya pili inagonga. Kaza kidogo. Kidogo, nimesema, siyo kama unafunga geti la mama yako." Kuna jioni nilifika nikawakuta hawafanyi chochote. Injini iko kimya, kijana anamsomea babu ujumbe kwenye simu, mmoja mmoja, barua za ndugu wa Tanga ambazo mzee alikuwa hajazijibu tangu macho yaanze kufifia. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba alikuwa akizipokea.

Kuhusu hela, mtunza daftari anasema kufikia sasa tumetumia milioni tatu na ushee, mara tano ya bei ya skrepa, na gari halina kiti cha nyuma wala zulia. Anayetafuta faida auze vitunguu. Na tusidanganyane juu ya mashindano makubwa. Tangu mwaka 2003 kuna Safari ya magari ya zamani ambayo huanzia Kenya, na baadhi ya miaka imepita Tanzania. Mwaka 2009 Ian Duncan wa Kenya alishinda hata kwa Ford Mustang, jambo ambalo mwanangu hulitaja kila wiki kama ushahidi dhidi ya babu yake. Ni mashindano ya wenye uwezo. Gari letu lina mikanda mipya mbele, mtungi wa kuzimia moto uliofungwa karibu na dereva, na taa mbili kubwa za 1966 ambazo moja haiwaki.

Chaki

Mwezi uliopita mwanangu alitimiza miaka 18 na wiki tatu, akiwa na leseni ya kujifunzia mfukoni. Mtu tunayemfahamu ana yadi ya kuhifadhia kontena kando ya Barabara ya Nyerere. Jumapili haina kazi. Alituachia funguo kwa sharti tusiguse kontena zake.

Kwanza fundi aliendesha peke yake. Kisha kijana, na mimi kiti cha pembeni, mkanda nimeukaza mpaka ukaniumiza. Nilikuwa nimeapa sitapanda. Mzee alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu na mstari wa chaki, mtunza daftari na saa ya simu.

Mita mia moja kutoka kusimama: sekunde kumi na kidogo. Bodaboda yoyote ya Kariakoo ingetuacha. Kijana alicheka mwenyewe, akapiga usukani. Mimi nilikuwa nimeshafumba macho.

Ndipo mzee akasema sasa tupime kitu kingine. Afike kwenye mstari akiwa na spidi 20, akanyage breki kwa nguvu zote, mdogo wake achore chaki linaposimama. Ilikuwa mita tatu kasoro. Kisha afike na 40, akanyage vile vile. Mtunza daftari akapima kwa futi ya fundi, akarudia kupima, akanitazama kama mtu aliyeibiwa. Mita kumi na moja.

"Amekosea," kijana alisema. "Spidi ni mara mbili. Ingekuwa mita sita."

Alishuka akapima mwenyewe. Kumi na moja. Akasimama kati ya alama mbili za chaki, mkono mmoja kwenye paji la uso, pale penye kovu. Spidi ikizidi mara mbili, njia ya kusimamia inazidi mara nne; hesabu hiyo imo kwenye vitabu vya shule, huenda hata kwenye tuisheni aliyoikosa. Nilimwona akitembea kwa hatua kutoka chaki ya pili, kumi, ishirini, thelathini, akihesabu midomo ikicheza. Sikumwuliza usiku ule walikuwa na spidi gani. Alifika kwenye ukuta wa kontena hatua zikiwa hazijaisha, akageuka.

Alipiga simu kwa rafiki yake, yule wa mguu. Sikusikia walichozungumza. Walizungumza muda mrefu, yeye akiwa ameegemea kontena.

Mzee alikuwa bado kwenye ndoo yake, amenyamaza. Aliporudi, babu akamwambia, "La mara ya pili, tairi ya kushoto ililia kabla ya kulia. Umesikia?"

"Sijasikia, Babu."

"Kushoto inashika mapema. Siku ya mvua itakugeuza."

Ilikuwa saa kumi na nusu, jua kali, na mimi nilikuwa na watu wa kuwapikia. Kijana alifungua buti akatoa jeki. Kisha akarudi tena kwenye buti, akatoa stendi za chuma, zote nne, akazipanga chini kabla hajashika spana.